Mtalaka ana fungu lake, mjane je? Mali ya ndoa mbele ya sheria zetu

Mwanahoja (Dar es Salaam) anauliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba mnisaidie kulifikiri jambo ambalo mimi peke yangu nimeshindwa kulimaliza. Hivi karibuni nilialikwa, kama jirani, kwenye kikao cha ukoo kilichoitishwa kumpendekeza msimamizi wa mirathi ya marehemu aliyekuwa dereva wa malori, mzaliwa wa mkoa wa Kagera, Muislamu, aliyehamia Dar es Salaam akiwa kijana na kuoa huko mke mmoja aliyezaa naye watoto. Nyumba waliyoijenga Mbagala iko kwenye kiwanja kilichonunuliwa kwa jina la marehemu peke yake. Sisi majirani tunajua kwamba mume alipokuwa safarini, mke ndiye aliyepokea mchanga na kokoto, ndiye aliyewahesabia mafundi matofali, na ndiye aliyelipia saruji kwa fedha za vitumbua pale mshahara wa mumewe ulipochelewa. Hata hivyo hakuna stakabadhi hata moja yenye jina lake.

Katika kikao kile zilitajwa sheria tatu kabla chai haijaletwa. Kaka wa marehemu alisema kwamba kwa mila mke harithi, bali hutunzwa na wanawe, na kwamba nyumba ni ya ukoo. Imamu wa msikiti wa mtaani alisema kwamba mwenye mila ni Mwenyezi Mungu, naye ameshampangia mjane mwenye watoto thumni, yaani sehemu moja ya nane. Kijana mmoja anayesoma chuo akadakia kwamba Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, kwa hiyo mama apewe nusu. Kila mmoja alizungumza kwa uhakika kamili, na kila mmoja aliamini kwamba anamtendea mjane haki.

Swali langu la kwanza ni hili: kama mwanamke huyu angepewa talaka mwaka jana angeweza kwenda mahakamani kudai mchango wake katika nyumba ile, iweje leo, baada ya kukaa na mumewe hadi kifo, aonekane ana haki ndogo zaidi? La pili ni la msingi wa haki yenyewe: je, ni bora nchi iwe na sheria moja ya mirathi kwa watu wote, au kila jamii iendelee kulindwa na sheria inayoiamini?

---

Wakili wa Kijiweni (Mwanza) anajibu:

Ndugu Mwanahoja, nitajibu kwa Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina sheria zake za ndoa na mirathi na mahakama zake za kadhi, nami sitaki kuchanganya.

Kijana wa chuo alikuwa na hoja, ila ameishika nusu. Shauri alilolikusudia ni la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Kabla ya hapo majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika: baadhi walishikilia kwamba kupika, kufua na kulea ni wajibu wa mke ambao tayari umelipwa kwa matunzo, na wengine wakaona kwamba mume asingeweza kujenga chochote kama asingekuwapo mtu wa kuishika nyumba. Mahakama ya Rufani ilichukua msimamo wa pili, ikisoma kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kwa kuangalia dhuluma ambayo Bunge lilikusudia kuiondoa. Wengi wanaolitaja shauri hilo hawajui kwamba Bi Hawa mwenyewe alitoka mikono mitupu, kwa sababu mahakama iliona kwamba fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia alizitumia vibaya, na kwamba matumizi hayo yalifuta fungu lake. Kanuni ilishinda, mwenye shauri akashindwa. Tena kanuni hiyo haisemi nusu. Inasema mchango upimwe.

Sasa tuje kwa mjane. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja pale inapotoa amri ya talaka au ya kutengana, na kifo hakikutajwa. Ndiyo maana swali lako la kwanza lina uzito: mtalaka ana mlango ulioandikwa wazi, ilhali mjane anatakiwa aingie kwa mlango wa mirathi, ambako kinachogawanywa ni mali ya marehemu. Huko anakutana na kifungu cha 60 cha Sheria hiyohiyo, kinachosema kwamba mali iliyoandikwa kwa jina la mwanandoa mmoja itachukuliwa kuwa ni yake hadi ithibitishwe vinginevyo. Naomba usome vizuri maneno hayo ya mwisho, kwa sababu yanampa mjane nafasi ya kuthibitisha kwamba sehemu ya nyumba ile haikuwa ya marehemu hata siku moja, na kwa hiyo haiwezi kurithiwa na yeyote.

Jambo ambalo kikao chenu kilipaswa kulijadili kwanza, nacho kikaliruka, ni sheria ipi inatumika. Tanzania Bara ina mifumo mitatu ya mirathi inayoishi pamoja: mila zilizoandikwa katika Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, sheria ya Kiislamu, na Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo tuliirithi kutoka kwa wakoloni na mpaka sasa inatumika kwa wengi wasioangukia katika mifumo hiyo miwili. Kwa hii ya tatu, mjane mwenye watoto hupata theluthi moja. Mahakama haichagui sheria kwa kuangalia kabila lililoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa. Huangalia mwenendo wa maisha ya marehemu na nia aliyoionyesha. Mtu aliyefunga ndoa kwa kadhi, akaishi mjini maisha yake yote ya utu uzima, akazikwa kwa sala ya jeneza na kusomewa hitima, ni vigumu kaka yake kumrudisha kwenye mila siku ya kugawa nyumba.

Katika hili ndiko ninakoona haki nyingi zinapopotea. Mwenye kuwahi Mahakama ya Mwanzo na kujaza fomu ya maombi ya usimamizi akiwa na muhtasari wa kikao cha ukoo mkononi ndiye, kwa vitendo, anayechagua sheria, anayeorodhesha mali, na anayeamua nani atajwe kuwa mrithi. Muhtasari huo ni mazoea ya mahakama zetu, hauwi hati ya kummilikisha mtu nyumba, wala msimamizi hageuki kuwa mrithi mkuu kwa sababu ya kuteuliwa. Ana wajibu wa kuwasilisha orodha ya mali na madeni, na baadaye hesabu ya ugawaji. Nimeona wajane wakitia saini muhtasari ambao hawakusomewa.

---

Binti Shomari (Mombasa) anajibu:

Asalaam aleikum. Nimemsoma Wakili kwa makini, na ninakubaliana naye kwamba swali la kwanza ni mali ipi ni ya marehemu. Nataka kuonyesha kwamba sheria ya Kiislamu nayo inaanza hapohapo, ingawa katika vikao vyetu hutajwa kama kwamba inaanza na kumalizika kwa thumni.

Mpangilio unajulikana kwa kila aliyepita madrasa. Zinatolewa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi moja na usiokuwa kwa mrithi, na ndipo yanapokuja mafungu yaliyotajwa katika Surat An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12. Madeni hayo ni pamoja na mahari ambayo mume hakuimaliza. Mke aliyeolewa kwa ahadi ya dhahabu au kabati ambalo halikuonekana mpaka mume akafa ni mdai wa mirathi kabla ya kuwa mrithi, naye anastahili kulipwa kabla mtoto, mzazi au kaka hajagusa chochote. Nilipokuwa nikiwasaidia akina mama kuandika madai yao, mahari iliyobaki ndiyo iliyokuwa ikisahauliwa zaidi, pengine kwa sababu mjane huona aibu kuidai wakati bado yumo edani.

Falsafa ya mafungu haya haieleweki ukiitenga na nafaqa, yaani matunzo. Mume anawajibika kumlisha, kumvisha na kumpa mkewe makazi hata kama mke ni tajiri, na mali ya mke ni ya mke. Ndoa haiifanyi kuwa ya mume. Kwa hiyo fedha za vitumbua zilizonunua saruji hazikuwa wajibu wa mama yule. Ama alimpa mumewe zawadi, ama alimkopesha, ama walishirikiana, na anayedai kwamba ilikuwa zawadi ndiye anayepaswa kuniambia alijuaje. Aya ya 32 ya sura hiyohiyo inasema kwamba wanaume wana fungu katika walichokichuma na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Thumni inatolewa katika cha mume; hakuna mahali palipoandikwa kwamba mke apewe thumni ya mali yake mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mawazo mapya ya wanaharakati. Naomba waitazame Indonesia, ambako Waislamu wengi ni wa madhehebu ya Shafii kama sisi watu wa pwani. Mkusanyiko wao wa sheria za Kiislamu wa mwaka 1991 unasema kwamba mwanandoa mmoja akifariki, nusu ya mali iliyochumwa pamoja ni ya yule aliyebaki, na hiyo nusu nyingine ndiyo inayoingia katika mirathi. Malaysia nayo ina kanuni ya mali ya pamoja inayosimamiwa na mahakama zake za sharia. Hawakugusa mafungu ya Kurani hata kidogo. Walichofanya ni kuuliza mali ni ya nani kabla ya kuigawa.

Kwa upande wetu Kenya, Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 170, inazipa mahakama za kadhi mamlaka katika hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kuhukumiwa huko. Hilo la kukubali ni kinga kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ibara ya 24 nayo inaruhusu kanuni za usawa zilegezwe kwa kiwango kinachohitajika kwa ajili ya sheria ya Kiislamu katika mambo hayohayo. Wapo wanaoiona kuwa ni ufa katika ukuta wa haki. Mimi naiona kama mkataba wa kisiasa wenye historia ndefu ya ukanda huu wa pwani, na siupendi kila siku, lakini ningependa zaidi makadhi wetu wasome hukumu za Jakarta kuliko kufutiwa mahakama zao.

---

Mama Furaha (Bukavu) anajibu:

Nawasalimu wote kutoka Kongo. Ndugu Mwanahoja ameuliza iweje mjane awe chini ya mtalaka, nami nimeshangaa kidogo, kwa sababu kwetu swali hilo halijitokezi kwa namna hiyo. Sheria ya Familia ya mwaka 1987, tuliyoijenga juu ya mfumo wa Wabelgiji, inawataka wanandoa wachague utaratibu wa mali yao siku ya kufunga ndoa, na wasipochagua sheria inawachagulia utaratibu ambao walichokichuma ndani ya ndoa ni cha wote wawili. Kifo kinauvunja utaratibu huo kama talaka inavyouvunja, hivyo mjane huondoa kwanza sehemu yake, na ndipo mirathi ya mume inapofunguliwa. Katika mirathi hiyo watoto huchukua robo tatu, na robo inayobaki huendea kundi la pili, ambamo mjane yumo pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu. Zaidi ya hayo ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi.

Nimeeleza kana kwamba tumeshafika peponi. Hatujafika. Ulinzi wote huo umesimama juu ya ndoa iliyoandikishwa serikalini, na wanawake wengi wa huku wametolewa mahari mbele ya familia mbili, wakaitwa wake za watu na kuzaa watoto, bila karatasi yoyote kutoka ofisini. Mume akifa, ndugu zake huja na lori kuchukua vitanda na masufuria kabla ya matanga kwisha, na mwanamke huambiwa aonyeshe cheti. Sheria nzuri imekuwa kwake kama duka lililofungwa: bidhaa anaziona, mkono haufiki.

---

Mzee wa Muleba anajibu:

Wanangu, mmezungumza vizuri, lakini mila imesimama hapa kama mshitakiwa asiye na wakili, kwa hiyo niruhusuni niisemee.

Kibanja cha ukoo, yaani shamba la nyumbani, huku kwetu Buhaya mkoani Kagera hakikuwa mali ya mtu. Aliyekilima alikishika kwa niaba ya waliozikwa humo na watakaozaliwa humo, na ndiyo sababu hata mwanamume hakuruhusiwa kukiuza kwa mgeni bila ndugu zake kupewa nafasi ya kukikomboa. Binti aliyeolewa ukoo mwingine angekipeleka huko, na mjane angeweza kuolewa tena, ila wote wawili walikuwa na haki ya kula na kukaa. Haki katika fikra hiyo haikuwa fungu la kubeba mkononi, ilikuwa ni kutokutupwa. Nakiri kwamba siku hizi kutokutupwa huko kumekuwa maneno matupu, kwani shemeji anayesema mjane atatunzwa ndiye anayembadilishia kufuli.

Sasa huyo kaka wa marehemu anaitumia mila mahali ambapo mila yenyewe haikufika. Hata kanuni zilizoandikwa mwaka 1963 zinatofautisha ardhi ya ukoo na ardhi ambayo mtu ameinunua au ameifungua kwa nguvu zake. Kiwanja cha Mbagala hakina kaburi la babu wala mgomba wa ukoo. Kuliita jengo lile nyumba ya ukoo ni kujitwalia tu.

Lawama yangu nyingine ni juu ya kuandikwa kwenyewe. Mila ilipokuwa mdomoni mwa wazee wa baraza ilikuwa inapinda: walimtazama mjane huyu na shemeji huyu, wakaamua. Ilipowekwa kwenye Gazeti la Serikali iliganda mahali ilipokuwa mwaka ule. Mwaka 1990, katika shauri lililoanzia hapahapa kwetu, Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kwamba mama yule aliyekirithi kibanja kwa wosia wa baba yake na kukiuza kwa shilingi 300,000 alikuwa na haki ya kuuza kama mwanamume yeyote, kwa kuwa Katiba na mikataba ya kimataifa imekataza ubaguzi. Wazee wengi walikasirika. Mimi nilihuzunika kwa kibanja kuondoka, lakini sikuona jibu la kumpa jaji, maana ndugu zetu wa kiume walikuwa wameuza vibanja vingi kabla ya hapo.

---

Mwanahoja anauliza tena:

Shikamoo Mzee, na nawashukuru wote. Nimebaki na jambo moja kwa Wakili: kama Mahakama Kuu ilisema hivyo mwaka 1990, kwa nini leo bado tunatajiwa Tangazo la 1963?

---

Wakili wa Kijiweni anajibu tena:

Kwa sababu hukumu ya 1990 ilimpa mwanamke haki ya kuuza kama mwanamume, lakini haikulifuta Tangazo zima, na kanuni ya mjane, ile inayosema harithi bali hutunzwa na wanawe, haikuwa mbele ya jaji siku ile. Kanuni hiyo ilipelekwa baadaye na wajane wawili. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni zile zinawabagua wanawake, lakini ikakataa kuzitangaza kuwa batili, ikihofia kwamba ikianza na mila moja italazimika kuzigusa zote, za makabila yote, na kwamba kazi hiyo si ya mahakama. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya kiutaratibu, bila hoja yenyewe kusikilizwa. Wakaenda kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 iliona kwamba Tanzania imevunja wajibu wake. Maoni ya Kamati ni silaha nzuri kwa anayeshawishi Bunge, ila karani wa Mahakama ya Mwanzo hawezi kuyakazia kama hukumu.

Linganisha na ndoa za utotoni. Katika shauri la Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani mwaka 2019 zilisema wazi kwamba vifungu vilivyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 14 au 15 vinakwenda kinyume cha Katiba. Huko kilichoguswa ni sheria ya Bunge, na majaji hawakusita. Mila na dini zikiguswa, mkono unakuwa mzito, ingawa kwenye ardhi za vijiji Bunge lenyewe lilithubutu mwaka 1999, liliposema katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji kwamba mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi ni batili.

Kwa jirani yako, ningemshauri mama huyo aende mahakamani kabla ya msimamizi kuthibitishwa, aweke pingamizi, aombe sheria ya Kiislamu itumike kwa kueleza maisha ya mumewe, na adai vitu viwili tofauti: kwanza mchango wake na mahari yake vitolewe nje ya mirathi, kama alivyoeleza Bi Shomari, na ndipo thumni yake ihesabiwe. Stakabadhi zisipokuwapo, fundi aliyelipwa na yeye, muuza kokoto, na majirani wanaweza kutoa ushahidi.

---

Mzee wa Muleba anajibu tena:

Marahaba, mwanangu Mwanahoja. Wakili, majaji wa 2006 sikuwaona waoga kama unavyotaka kuwafanya. Mila ikifutwa na mtu mmoja aliyekaa Dar es Salaam, watu wataendelea nayo gizani, na huko gizani mjane hana hata pa kuwekea pingamizi. Niachieni kibanja cha ukoo kijadiliwe na wenye ukoo, wanawake wakiwa wamekaa humo barazani na wenye kauli. Kuhusu nyumba ya Mbagala sina ubishi na nyinyi.

---

Binti Shomari anajibu tena:

Mzee wangu, ninakuheshimu, lakini hao wanawake wataingia barazani kwa idhini ya nani?